Maganda 12 ya Mahiwa: kwa nini brasi ilitoka nyekundu

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, lile kubwa, mfuniko umefungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi. Mwalimu alishuka nalo kwenye basi la asubuhi kutoka Nyangao, akapita sokoni Chikongola, akanikuta karakana nahangaika na kufuli la mteja.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba fundi. Leo nimekuletea vita."

Akamimina juu ya gunia. Maganda ya risasi, 47 kwa hesabu yake, meusi tititi, mengine yamefanya ukoko wa kijani mdomoni, ndani udongo umeshikana kama ukoko wa ubwabwa. Baba yake ndiye aliyeyaokota. Alikuwa na shamba upande wa Mahiwa, walikopigana Waingereza na Wajerumani mwaka 1917, na kila msimu wa kulima jembe lilimtolea mawili matatu. Mzee sasa ni marehemu, Mwalimu kastaafu, na shule ya kijijini kwao imempa rafu moja kwenye kabati la kioo. Alichotaka kwangu kilikuwa neno moja: yang'ae.

Maganda 12 ya kwanza niliyaharibu. Ilinichukua wiki mbili kujua kwamba kosa halikuwa pale nilipodhani, na ndiyo sababu ya kuandika kisa hiki kirefu hivi.

Kwanza lile la 47. Nilipokuwa nayachambua, moja likawa zito kuliko wenzake, nikalifuta udongo kwa kidole: kichwa cha risasi bado kimo. Hilo halikuwa ganda, ilikuwa risasi nzima. Miaka mia na ushee ardhini haimaanishi kwamba baruti imekufa. Tuliiweka chini taratibu, tukatoka nje wote, tukapiga simu polisi, wakaja kuichukua. Yaliyobaki nikayatazama moja moja: mdomo wazi, na fataki (kiwashio cha baruti) pale katikati ya kitako iwe na kidonda cha kupigwa. Yote 46 yalikuwa nacho. Anayesafisha maganda bila hatua hii simwelewi, maana pipa linalozunguka linagonga kila kitu kilichomo.

Sasa pipa lenyewe. Nimelitengeneza kwa paipu ya plastiki ya inchi 6, ndefu kiasi cha sentimeta 30, upande mmoja nimeliziba kwa gundi na mwingine una mfuniko wa kufungua. Linalala juu ya rola mbili zenye beringi, linazungushwa na mota ya mashine ya kufulia kupitia puli na mkanda. Kasi nimeipima kwa kuchora alama ya chaki na kuhesabu: mizunguko 55 kwa dakika. Pipa la kipenyo cha sentimeta 15 likifika mizunguko kama 109, vilivyomo vinaganda ukutani na kuzunguka nalo bila kudondoka, kwa hiyo nusu ya hapo ndipo mzigo unapanda, unaporomoka, na kusuguana vizuri. Kazi yake ya kila siku ni koki, makufuli, bawaba na skrubu za mashua. Kwa vitu hivyo halijawahi kuniangusha.

Maganda sikuwahi kuyasafisha, nikaenda kutazama video. Wamarekani wanaopiga shabaha wana utaratibu wao: ganda likishapigwa wanaling'oa fataki, wanalisafisha nje na ndani, wanalijaza upya. Wanataka usafi kwa sababu mchanga kidogo ukibaki unakwaruza kalibu ya kulibana ganda lirudi umbo lake. Mchanganyo wao ni huu: pini ndogo za stenlesi kilo 2.3, maganda kilo 0.9, maji karibu lita 3.8, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kidogo, na unga wa asidi ya ndimu robo ya kijiko cha chai. Masaa matatu hadi manne. Hauna kasoro mchanganyo huo. Umepangwa kwa ganda lililopigwa Jumamosi na kusafishwa Jumapili.

Mimi nilikuwa na pini za stenlesi nusu kilo tu, nilizoagiza Dar. Nikaona nisichelewe, nikakata spoku chakavu za baiskeli vipande vya sentimeta moja, nikajazia. Maji lita 2 na nusu. Unga wa ndimu, nikitazama weusi ule, nikatia kijiko kizima cha chakula. Kijiko cha chakula ni robo kijiko cha chai mara 12, hesabu ambayo niliifanya baadaye. Nikachagua maganda 12 ya mfano: membamba yenye ukingo wa kitako uliotokeza 8, yenye mfereji 3, na nene moja.

Baada ya saa moja nilifungua. Maji yamekuwa ya kijivu, udongo umetoka, lakini weusi umekaa palepale. Nikaongeza kijiko cha pili. Baada ya masaa manne nikamwaga kwenye chujio.

Yalikuwa na rangi ya kamba aliyechemshwa. Si njano ya brasi, si weusi wa awali: wekundu wa pinki mgongoni, na weusi bado umejificha kwenye mifereji na kuzunguka fataki. Mawili yalikuwa na ufa wa wima shingoni ambao sikumbuki kuuona asubuhi. Midomo ya karibu yote imekunjika kwa ndani kidogo, kama ukingo wa bati lililopigwa nyundo. Na lile nene, nilipoligeuza kitako, nikaona maandishi niliyoyaona asubuhi yamebaki kivuli.

Jibu langu la kwanza lilikuwa rahisi: ndimu nyingi. Brasi ya maganda ni kopa, yaani shaba nyekundu, asilimia 70 na zinki 30, au karibu na hapo. Asidi inapenda zinki kuliko kopa. Ukiiacha izidi, inaila zinki ya juu juu na kukuachia ngozi ya kopa, na kopa ni nyekundu. Nilijieleza hivyo, nikamweleza na Mwalimu kwenye simu, na tungeishia hapo kama si kijana wangu wa karakana aliyekuwa anaokota spoku kwenye chujio. "Fundi, mbona na hizi zimekuwa kopa?"

Nikaangalia. Spoku, ambazo ni chuma kilichopakwa zinki, zilikuwa nyekundu. Chuma hakina kopa ndani yake ya kufichuliwa. Wekundu ule ulikuwa umetoka kwenye maji na kukikalia.

Nilikwenda kwa sonara mmoja mzee hapa mjini ambaye tunafahamiana kwa sababu ya kukopeshana msasa. Sikumwambia chochote, nilimwonyesha ganda moja na spoku tatu kwenye kiganja. Akacheka kabla hajavaa miwani. Sonara, alisema, jambo la kwanza anafunzwa ni kutotia koleo la chuma kwenye dawa ya kuoshea vidani. Ile dawa ni asidi, na ikishatumika ina kopa iliyoyeyuka. Chuma kikiingia na kugusana na kidani, fedha yote inatoka nyekundu. "Wewe umetia koleo mia tano," akaniambia.

Niliporudi nilijaribu. Maji ya pipa nilikuwa bado nayo kwenye ndoo, yametulia, yana ubuluu kwa mbali. Nikakata koki mpya ya brasi vipande viwili. Kipande kimoja kikaingia kikombe cha plastiki chenye maji hayo peke yake, cha pili kikombe kingine chenye maji yaleyale pamoja na spoku chache zinazokigusa. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, kipande cha kwanza kilikuwa njano ileile, kimefifia kidogo. Cha pili kilikuwa pinki pale spoku zilipokilalia.

Basi wekundu mwingi wa maganda ulikuwa ngozi iliyopakwa. Hilo lilikuwa na faida: ngozi hutoka. Nilichukua jivu laini la jikoni, nikalilowesha, nikasugua kwa kitambaa. Kwenye maganda mengi njano ilijitokeza baada ya dakika mbili tatu. Lakini mashimo madogo madogo, yale ya kuliwa na udongo, yalibaki mekundu hata nilipofikisha jivu ndani yake kwa kijiti. Huo ulikuwa wekundu wa zamani. Ardhi yenyewe imekuwa ikilamba zinki toka siku ganda lilipoanguka, na mimi nilichofanya ni kufunua. Kwa hiyo pinki mbili kwenye ganda moja, moja yangu na moja ya udongo. Nisingesugua nisingezitenganisha.

Bado swali moja lilinikera. Kwa nini niliongeza kijiko cha pili? Kwa sababu weusi haukutoka. Na kwa nini weusi haukutoka? Weusi wa kawaida wa brasi, ule wa kukaa hewani, unga wa ndimu unauyeyusha upesi. Kwenye koki huwa natazama ukitoweka. Huu ulikataa katakata.

Jibu lilikuwa kwenye kopo. Nilikuwa nimelisuuza siku ya kwanza na kumbukumbu ikanirudia siku ya kumi: chini palikuwa na unga wa njano, nikaudhani vumbi la maua. Nikampigia Mwalimu.

"Mwalimu, kopo lilikaa wapi?"

"Ghalani. Kwa miaka yote."

"Pamoja na nini?"

Akanyamaza kidogo. "Na vitu vya korosho. Mfuko wa salfa."

Huku kusini sihitaji kueleza salfa ni nini. Kila mwenye mkorosho anaipuliza kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, na mfuko uliobaki unakunjwa mdomo na kuwekwa ghalani mpaka msimu ujao. Sasa salfa na shaba hazikai nyumba moja. Kukiwa na unyevu kidogo, na masika ya kwetu unyevu haupungui, salfa inaishika shaba na kutengeneza ngozi nyeusi ngumu ambayo asidi ya ndimu haiyeyushi hata ukiongeza. Nilikuwa namwagia dawa ugonjwa usiokuwa wake. Kila kijiko kilipita pembeni ya weusi kikaenda kula brasi nzima iliyo jirani, kikayeyusha kopa, na spoku zikairudisha kopa hiyo mahali isipotakiwa. Mlolongo ndio huo, na mwanzo wake ni ghala la korosho, si kijiko.

Nyufa zina habari nyingine. Shingo ya ganda hubanwa kiwandani ili ishike risasi, kwa hiyo brasi ya pale hukaa na mkazo maisha yake yote. Fataki nyingi za enzi zile zilitengenezwa kwa chumvi ya zebaki, na risasi ikishapigwa zebaki inaingia kwenye brasi na kuifanya iwe ya kuvunjika kama kigae. Upo pia mvuke wa amonia, wa mkojo wa wanyama na samadi, ambao unapasua brasi yenye mkazo bila kuguswa. Jeshi la Waingereza kule India lilihangaika sana na jambo hilo: risasi zilizohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua zilikutwa zimepasuka zenyewe, na maelezo kamili yalichapishwa mwaka 1921. Shamba la marehemu lilikuwa na mbuzi. Zebaki au mbuzi, nyufa zilikuwepo tayari kwa unyembamba wa unywele. Pipa lilizifungua tu. Hili sikulipa uzito mkubwa kwa sababu ganda lenye ufa bado linasimama kabatini.

Kilichoniuma ni kitako cha lile nene.

Mahiwa walipigana Oktoba 1917, siku nne, kuanzia tarehe 15 hadi 18. Wajerumani chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck walizuia jeshi la Waingereza ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa askari wa Nigeria, na upande wa Waingereza peke yake waliouawa na kujeruhiwa walizidi 2,000. Lettow-Vorbeck alishinda uwanja lakini risasi zake za baruti isiyotoa moshi zilikwisha karibu zote, na Novemba 25 alikuwa keshavuka mto Ruvuma pale Ngomano, kuingia Msumbiji, kwenda kuwanyang'anya Wareno zao. Maganda ya vita hiyo hujieleza. Lenye ukingo wa kitako uliotokeza, urefu milimita 56, ni la .303 ya Mwingereza. Lenye mfereji na kitako kisichotokeza, urefu milimita 57, ni la Mauser ya Mjerumani, na kitakoni mara nyingi utaona S67, maana yake brasi ya kopa asilimia 67.

Lile nene la milimita 11 ni la bunduki ya zamani, Mauser ya 1871, iliyotoa moshi mweupe wa kumfichua mpigaji. Askari wengi wa Kijerumani walianza nayo vita ya 1914. Lakini askari walikuwa nayo pia wakati wa Majimaji. Na Nyangao si mahali pa kando katika Majimaji: misheni yake ilichomwa mwaka 1905. Kwa hiyo ganda nene likifukuliwa upande ule linaweza kuwa la vita yoyote kati ya hizo mbili, na kitu pekee kinachoweza kusaidia ni tarakimu za kitakoni. Zikionyesha mwaka wa baada ya Majimaji, swali limekwisha. Tarakimu za ganda lile asubuhi niliziona, sikuzisoma, na jioni hazikuwepo. Pini na spoku zilizisugua masaa manne.

Mtu anayejaza risasi upya hajali, yeye ana maganda 500 yenye maandishi yaleyale. Ndiyo maana video ile haikusema lolote kuhusu kitako.

Maganda 34 yaliyobaki hayakuona pipa. Kabla ya maji, kila moja nililibandika karatasi nyembamba kitakoni na kusugua kwa penseli laini mpaka herufi zitoke, kisha nikapiga picha kwa simu huku tochi imelala pembeni ili vivuli vionekane. Karatasi nikaziandika namba. Baadaye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kulowesha usiku mmoja, kuchokonoa udongo kwa njiti ya chelewa, brashi ya meno kuukuu. Hakuna asidi wala chuma. Nilivaa glavu na maji nikayafungia kwenye dumu pamoja na yale ya pipa, kwa sababu mabaki ya fataki yana zebaki, na vichwa vya risasi ni vya ledi, madini ya kutia sumu, na karakana yangu ina mpapai ambao watu wanakula.

Kukausha: kivulini siku mbili. Kisha nta ya nyuki iliyoyeyushwa, nikapaka kwa kitambaa na kufuta mpaka kidole kisinate. Yalitoka rangi ya tende. Ukiyaelekeza dirishani yana mwanga wa ndani, lakini kung'aa kama Mwalimu alivyotaka, hapana.

Yale 12 nayo niliyarudisha pipani baada ya kuyasugua jivu, safari hii makavu, na mabunzi ya mahindi niliyotwanga na kuchekecha yakawa kama mchele wa chenga. Pipa nililifungia nje kwa ajili ya vumbi, nikajifunga barakoa. Dakika 40. Mabunzi hayakwaruzi, yanafuta tu, na yalisawazisha rangi ili njano na pinki zisigombane sana. Lile nene sikulirudisha.

Mwalimu alipokuja kuchukua nilimpangia yote mezani, 34 upande huu na 12 upande ule, na karatasi za penseli katikati. Nilitegemea anikaripie. Aliyashika ya rangi ya tende kwanza, moja baada ya jingine, akayanusa. "Haya ndiyo aliyokuwa analeta baba," alisema. Halafu akachukua moja la kung'aa, akaligeuza geuza. "Na haya ndiyo niliyokuomba."

Kwenye yale manene matatu yaliyobaki, karatasi mbili hazikutoa kitu, na ya tatu ilitoa 88 waziwazi. Kama ni mwaka, ni 1888, kabla ya vita zote mbili, kwa hiyo halikutuambia lilipigwa lini. Mwalimu alikaa na karatasi hiyo muda mrefu. Kisha akalinyooshea kidole lile nililolifuta. "Labda hili lilikuwa linajua."

Sikuwa na la kujibu. Malipo ya yale 12 nilikataa. Alilipa nusu ya mengine na kuniachia kilo moja ya korosho za kubangua. Kwenye kabati la shule, aliniambia kwa simu wiki iliyofuata, ameyapanga yote 46. Mbele ya yale ya kung'aa ameweka kikadi kwa mkono wake: yamesafishwa Mtwara mjini kwa mashine, maandishi ya ganda namba 12 yamefutika katika kusafishwa. Spoku nimezipeleka skrepa.